Draiva Mpya na Posa ya Makenke

Leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto. Niko kwenye kituo cha magari hapa Mbarara, begi la laptop liko magotini, nawaandikia kwa simu kabla kisa hiki hakijafika kwetu kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale kwa mdomo wa mtu mwingine. (Papa Wilondja amekaa pembeni yangu, anacheka peke yake. Ameshampigia mtu mmoja.)

Kwa wasiojua, leo ilikuwa siku ya posa yangu. Furaha anakaa kwa shangazi yake, Mama Feza, ambaye ameolewa na mwanajeshi wa Uganda. Nyumba yao iko ndani ya kambi ya jeshi ya Makenke. Baba yake Furaha alifariki tukiwa bado Kongo, kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni baba yake mkubwa, na baba mkubwa yuko Ulaya. Alituma ujumbe: Jumamosi, saa tisa ya kwetu, anataka kutuona wote kwa video. Saa kumi kasoro robo anaingia kazini. Jumamosi ijayo atamsikiliza mposaji mwingine.

Huyo mwingine ana ng'ombe kule Endiinzi. Mimi nina laptop moja. (Na yenyewe ni ya mitumba.)

Ya kuleta kompyuta, hakuna hata aliyeuliza. Nakivale nzima mnaniita fundi. Nikamwambia Mama Feza kwa simu, kifua mbele, "Shangazi, ile ya mitambo muniachie miye." Laiti ningekuwa na malaria siku hiyo.

Sasa sikieni nilivyojichimbia kaburi. Jana asubuhi niliona intaneti inajivuta. Ninatumia modem, ile ndogo ya kuchomeka ubavuni mwa laptop. Rafiki yangu Dido, anayechaji simu za watu pale Base Camp ya Nakivale, akaniambia ana draiva mpya kwenye flashi. Draiva ni kile kiprogramu kinachoifundisha kompyuta jinsi ya kuongea na modem. "Futa kwanza ya zamani," Dido akasema, "zisipigane."

Nikafuta. Dido, najua unasoma hapa. Nikafuta!

Nikaweka mpya. Intaneti ikaruka kama imeumwa na siafu. Nikafurahi kwa dakika ishirini nzima. Halafu mshale wa mausi ukasimama. Nikabonyeza kila kitufe, kimya. Hata saa ya pale kwenye kona ya kioo ikasimama. Ikabidi nishikilie kitufe cha kuwashia mpaka izime kwa nguvu.

Nikawasha tena. Dakika kumi na nane, ikakwama. Mara ya tatu, dakika ishirini na mbili. Nikaiwasha kwa ile hali ya dharura, bila intaneti, ikatembea saa nzima bila kukohoa. Basi ugonjwa nimeuona: ni draiva. Dawa nayo naijua: irudishwe ile ya zamani. Ipi? Ile niliyoifuta kwa vidole vyangu mwenyewe! Nikampigia Dido. Akajibu, "Kwangu inatembea muzuri." Kwake ni laptop ya aina nyingine kabisa, lakini hilo tulilifikiria baadaye.

Leo asubuhi na mapema tukashuka Mbarara, mimi na Papa Wilondja. Huyu ni shemasi wa kanisa letu na ndiye msemaji wangu, maana kwetu mposaji hajisemei. Anakaa, anatazama chini, anasemewa. Mjini nikaingia kwenye kafe ya intaneti kutafuta ile draiva ya zamani. Nikaipata! Ikaanza kushuka. Asilimia hamsini. Sabini. Tisini na nne.

Umeme ukakatika.

Nikabaki nimekaa pale natazama kioo cheusi. Niliona sura yangu mle ndani na sikuipenda. Mwenye kafe akasema labda utarudi jioni. Papa Wilondja akanishika mkono.

"Twende, kijana. Mutu anachelewa ku posa yake, banasema iko na bibi mwingine fasi ingine."

Njiani nikafanya hesabu. Ikiwa haikwami kabla ya dakika kumi na nane, basi nisiunganishe intaneti mpaka saa tisa kamili, na tumalize yote saa tisa na robo. Nikamwambia Papa Wilondja siri yote.

"Papa, leo tuseme mafupi."

"Mafupi, hakuna shida."

(Jamani. Huyu mzee juzi aliombea sahani ya maharage mpaka ikapoa.)

Mume wa Mama Feza, ambaye wote tunamwita Afande, alikuja kutupokea getini. Sebule yao ilikuwa imefagiliwa hadi inatisha. Vitambaa vya kufuma kila kiti. Laptop yangu ikawekwa kwenye meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cheupe, kama maiti ya mtu wa maana. Furaha alikuwa chumbani nyuma ya pazia, kwa sababu binti haketi kwenye maneno yake. Niliona vidole vya miguu yake chini ya pazia. Nikapata nguvu kidogo.

Saa tisa kamili nikaunganisha.

Baba mkubwa akatokea. Suti, tai nyekundu, uso umejaa kioo. Salamu zikaanza. Wa nyumba ya Papa Wilondja wazima? Wazima. Na watoto? Na wa huko Nakivale? Na mvua? Na mihogo? Saa ya kona: tisa na dakika nne. Papa Wilondja akaomba ruhusa afungue kwa sala. Aliombea kikao, akaombea kambi, akaombea marais wa nchi tatu. Tisa na dakika tisa. Jasho likaanza kunitiririka mgongoni. Nikakohoa. Akaombea wagonjwa wa kifua.

Kisha akaingia kwenye hoja yenyewe, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Baba Mukubwa, kijana wetu hii si mutu wa hivi hivi. Hii ni injenia ya kompyuta. Batu ya Ulaya banamutafuta."

Nikatazama sakafu zaidi. Hakuna mtu wa Ulaya anayenitafuta. Dakika kumi na moja, na sauti ya baba mkubwa ikaanza kukatika vipande vipande.

"Wewe injinia!" Afande akanigeukia. "Network nakataa. Beba hiyo kitu, enda shika juu kule nje. Mimi kwa operesheni, redio ikikataa, nilipanda mti."

Modem nilikuwa nimeiunga kwenye laptop kwa waya mrefu. Nikaipitisha dirishani, nikatoka mbio, nikaifunga kwenye kamba ya nguo katikati ya suruali mbili za jeshi. Nikasikia sauti ya baba mkubwa imerudi, nzito, safi, ingawa maneno sikuyapata. Nikashukuru Mungu. Nikakaza fundo.

Ndipo sauti ikanyamaza.

Nikasubiri. Kimya. Watoto wa kambini walikuwa wanacheza karibu nami, lakini kutoka ndani ya ile nyumba halikutoka hata neno moja. Moyo ukaniruka. Dakika kumi na nne tu! Imewahi! Nikarudi ndani mbio, nikajikwaa kwenye viatu mlangoni, nikaingia na kiatu kimoja.

Wote walikuwa wamesimama. Papa Wilondja, Mama Feza, Afande, vichwa chini, mikono mbele. Hakuna anayenitazama. Nikajua yameisha. Imekwama, wamechoka kungoja, wamesimama watutoe nje. Nikatazama kioo. Baba mkubwa haonekani uso. Kuna tumbo, na ile tai nyekundu inaning'inia juu yake. Havisogei hata kidogo. Nikatazama saa ya kona: 15:14. Nikahesabu kumi na tano moyoni, nikiangalia ile nne ya mwisho. Bado 15:14.

Basi hapo akili ikaniaga. (Nisameheni. Sikulala jana.)

"Imekwama!" nikapiga kelele. "Niliwaambia! Niliwaambia!" (Sikuwa nimemwambia mtu, isipokuwa Papa Wilondja.)

Mama Feza akafanya "sss!" bila kuinua kichwa. Nikadhani analia.

"Shangazi, usilie. Angalia, imekwamia kwa tumbo! Fasi yote ya kukwamia, inakwamia kwa tumbo!" Nikapiga magoti mbele ya meza, uso wangu karibu kabisa na kioo. "Na tumbo kubwa namna hii! Njo maana! Tumbo hii yote inapita namna gani mu modem ndogo vile? Inakula intaneti yote!"

Papa Wilondja akafumba macho kwa nguvu zaidi. Afande alikuwa ameganda katika mguu sawa, lakini sharubu zake zilikuwa zinatetemeka.

Nikausukuma mshale wa mausi. Haukunijibu haraka, au mimi sikuungoja. Nikachukua kidole hiki cha shahada, nikaligonga lile tumbo pale kwenye kioo. Ko, ko, ko. "Ee tumbo, songa! Songa, nakuomba, ng'ombe za Endiinzi zinakuja!"

Tumbo likavuta pumzi.

Jamani. Likavuta pumzi ndefu, likapanda, likashuka, na tai ikafuatia. Saa ya kona ikageuka 15:15. Na kutoka juu ya kioo, sauti nzito ikasema, "Amina."

"Amina," wakaitika wote. Wakaketi.

Baba mkubwa naye akaketi, na uso wake ukashuka taratibu mpaka ukalingana na wangu. Mimi bado niko magotini. Kidole bado kiko kwenye kioo, sasa kimefika puani kwake.

"Tulikuwa mu minute moja ya kunyamaza," akasema polepole. "Juu ya marehemu ndugu yangu. Baba ya Furaha."

Aliitangaza dakika hiyo wakati mimi niko kwenye kamba ya nguo. Kwetu hakuna kikao cha maana kinachoanza bila kusimama kwa ajili ya waliotangulia, mimi mwenyewe nimesimama mara ngapi kanisani, na leo nikasahau kwamba kitu hicho kipo duniani. Nimepiga kelele za tumbo katika dakika ya baba wa mchumba wangu. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona. Si aibu ya kuchekwa. Nilitaka kulia.

"Ni nani alikuwa anasema mambo ya tumbo yangu?" baba mkubwa akauliza, ingawa pua zetu zilikuwa zinatazamana.

Papa Wilondja, mtu wa maneno elfu, akapata matatu tu. "Baba Mukubwa... injenia."

"Kijana asimame."

Nikasimama na kiatu changu kimoja.

"Wewe ni injenia ya kweli?"

Mposaji hajisemei, lakini msemaji wangu alikuwa ameugeukia ukuta. "Hapana, Baba Mukubwa. Nilijifunza peke yangu. Kwa kuharibu."

"Unaharibu mingi?"

"Mingi."

"Na mutoto wetu? Naye utajifunza kwake vile vile?"

Sijui jibu lilitoka wapi. "Hapana, Baba Mukubwa. Kompyuta ilikuwa inatembea muzuri, miye njo nikaibadilisha. Furaha sitamubadilisha hata kintu kimoja."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa. Baba mkubwa akanitazama muda mrefu. Nikaiba jicho kwenye saa: tisa na dakika kumi na tisa. Ee Mungu, aseme! Ndiyo au hapana, lakini aseme sasa! Akarekebisha tai. Akakohoa kidogo. Akamwita mkewe aje naye asikie. Dakika ya ishirini.

"Haya. Sisi kama familia tumekaa, tumefikiri," akaanza. "Jibu yetu ni..."

Mdomo ukabaki wazi.

Tukangoja.

Mdomo bado uko wazi. 15:21. Mkewe amesimama nyuma, mkono umeinuliwa nusu. Nikahesabu kumi na tano. Nikahesabu sitini. Nikahesabu sitini tena. 15:21. Safari hii nilijua kwa hakika, lakini mnadhani nilithubutu kufungua kinywa? Mimi? Baada ya tumbo?

Nikatazama sakafu kwa heshima zote.

Papa Wilondja akaninong'oneza, "Ni minute ingine?"

Sikujibu. Basi akasimama, akainamisha kichwa. Mama Feza kuona vile, naye akasimama. Afande akasimama, akakaza mguu. Nami nikasimama. Tukasimama wanne, vichwa chini, kuiheshimu kompyuta iliyokufa.

Baada ya muda Afande akasema pembeni ya mdomo, "Hii sasa nasimama ya nani?"

Hakuna aliyejua. Tukaendelea. Jibu la maisha yangu limekwama ndani ya ule mdomo, na mimi ndiye niliyelikwamisha kwa mkono wangu, na nimeshindwa hata kusema kwamba imekwama.

Simu ya Mama Feza ikalia. Akaitazama, akashtuka, akaweka sauti ya nje.

"Muko na nini huko?" Ilikuwa sauti ya baba mkubwa, kali. Wote tukatazama kioo. Mdomo wake uko wazi vile vile, hausogei, na sauti inatoka kwenye simu. Papa Wilondja alijishika kifua. "Mimi minasema jibu yetu ni ndiyo, na hakuna hata mutu mumoja anafurahi! Munaniangalia tu! Mumekauka bote kama samaki! Nikauliza bibi, kumbe hawamutaki tena mutoto wetu?"

Kumbe na sisi tulikuwa tumekwama kwake.

Ndiyo! Alisema ndiyo! Mama Feza akapiga vigelegele mpaka watoto wa nje wakajaa mlangoni. Papa Wilondja akanikumbatia, akaanza sala ya shukrani papo hapo. Mimi nilikaa chini. Nikachukua simu kwa mikono miwili, nikamweleza baba mkubwa kila kitu: draiva, Dido, kafe, umeme, dakika ishirini. Nikaomba radhi kwa ajili ya marehemu. Sauti yangu ilikatika bila modem.

Akanyamaza. (Nikasubiri. Sikugusa kitu.)

"Ndiyo yangu inabaki," akasema. "Lakini umetukana tumbo ya mukubwa mu kilio. Utalipa amande. Mbuzi moja."

"Asante, Baba Mukubwa."

"Usilete mbuzi ya kukonda. Nataka mbuzi ya tumbo."

Akakata, akaenda kazini. Na kwa kuwa baba mkubwa yuko Ulaya, Afande amejitolea kuila hiyo amande, yaani faini, kwa niaba yake. "Mimi napokea," alisema, sharubu sasa zimeachia kicheko chote. "Kazi ya serikali."

Wakati wa kuaga, Furaha akatoka kunisindikiza hadi mlangoni, akaniletea kile kiatu kingine. Nilishindwa kumtazama. Nikamwambia, "Unisamehe juu ya baba yako."

Akaniambia, "Miye nilikuwa nimeuma pazia nisicheke. Papa yangu alikuwa anamusemaka ndugu yake vile vile, juu ya ile tumbo. Tangu zamani. Leo nikasikia kama yeye njo anasema."

Hilo ndilo ninalorudi nalo Nakivale. Hilo, na laptop ambayo mpaka sasa iko 15:21, sijaizima, sijui kwa nini. Ule mdomo wazi ulikuwa unasema ndiyo.

Dido, usilale, nakuja na hiyo flashi yako. Mwenye ile draiva ya zamani, tafadhali ajitokeze. Kesho kutwa naenda kutafuta mbuzi, na nimeulizia pote: mbuzi wenye matumbo wako Endiinzi, kwa yule yule jamaa.

Najua mtacheka. Basi angalau simameni, vichwa chini, mcheke kimya, dakika moja tu.